Programu za filamu za kiangazi Marekani kwa watoto wa sekondari: kabla hujalipa, pita hapa

Mzee wa Maiki

Wakuu, habari za majukumu.

Ikifika majira ya baridi inboksi yangu inajaa swali lile lile kutoka kwa wazazi wenzetu walioko huku Marekani. "Kijana wangu yuko sekondari, anapenda mambo ya filamu, nimeona chuo fulani kina kozi ya kiangazi ya kulala huko huko, nimlipie?" Kujibu mmoja mmoja kumenishinda, naweka hapa. Mimi kazi yangu ni sauti, na likizo ndefu huwa naajiriwa kama msaidizi wa walimu kwenye mojawapo ya programu hizi. Sitaitaja, bado nakula kwao.

Kwa wasiojua: mtoto anahamia bweni la chuo kwa wiki mbili hadi nne hivi, kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Agosti. Asubuhi darasa, mchana mazoezi, usiku wanaangalia filamu na kuzichambua hadi wasimamizi wa bweni waje kuwafukuza. Siku ya mwisho kila kundi linaonyesha filamu fupi mbele ya wazazi. Nyingi zina urefu wa dakika tatu hadi saba, na ukweli usemwe, nyingi si nzuri. Hilo lisikutie shaka, hata filamu za mwaka wa kwanza chuoni si nzuri.

Sasa wazazi huniuliza watoto wanatumia kamera gani, na kama walimu wametoka Hollywood. Mimi nasema uliza jambo moja: mtoto wangu atafanya kazi kwenye filamu ngapi za wenzake?

Maana kamera anayo. Simu iliyo mfukoni mwake inatosha kujifunzia, na DaVinci Resolve, programu ya kompyuta ya kuhariri filamu, ina toleo la bure ambalo hatalimaliza kulijua hata akifika chuo. Masomo ya taa tatu, ya kutovuka mstari kati ya waigizaji wawili (kamera ibaki upande mmoja wao), ya jinsi ya kuandika skripti, yote yako YouTube. Asichoweza kukipata chumbani kwake ni watu wanne wa rika lake walioamka alfajiri kwa ajili ya wazo lake, na kesho yake yeye kuamka kwa ajili ya wazo la mwenzake ambalo halipendi. Watoto wote wanakuja wakitaka kuwa waongozaji. Sijawahi kupokea hata mmoja aliyekuja akitaka kushika maiki.

Nitoe mfano. Kuna binti alikuja na skripti ndefu ya mambo ya anga za juu. Mwalimu akamwambia hiyo weka, haipigiki kwa siku mbili. Akapangiwa sauti kwenye filamu ya mvulana mmoja, babu na mjukuu wanabishana jikoni, basi. Alinuna ile ya kununa. Tukaenda kwenye nyumba tuliyoazimwa, akavaa hedifoni, akaniangalia: "Humu ndani kuna nyuki." Ilikuwa friji. Nikamwambia chomoa friji, kisha chukua funguo za gari langu uziweke ndani ya friji. Akaniona nimechanganyikiwa. Lakini huo ni ujanja wa watu wa sauti wote: bila funguo huondoki, kwa hiyo huwezi kusahau kuirudisha friji kwenye umeme nyama ya wenyewe ikaoza. Jioni, waigizaji wamemaliza, mwongozaji ana njaa, yule binti akawasimamisha wote wakae kimya sekunde 30 arekodi ukimya wa chumba kile. Ukimya huo ndio mhariri anautandika chini ya mazungumzo ili mikato isisikike. Kuna mtu akacheka sekunde ya 22. Akasema tunaanza upya. Na walianza upya, mwongozaji pia.

Mwaka uliofuata aliandika skripti ya watu wawili ndani ya gari lililoegeshwa. Ikapigika.

Nasubiri maswali, ila bei na majina nitaweka chini kidogo.

---

Chumvi Kidogo

Nimeweka kambi. Mleta uzi, usitukimbie kabla ya bei.

---

Kaka wa Tabata

Mkuu, bila kukuvunjia heshima, hizi si ni kambi za watoto wa matajiri kwenda kupiga picha za Instagram? Nilimsikia mtu analipa dola elfu kumi kwa mwezi mmoja. Kwa hela hiyo huku Dar namnunulia kijana kamera, taa na kompyuta, na chenji inabaki.

---

Mzee wa Maiki

Kaka, hujakosea, bei ndiyo hiyo kwa baadhi. Ngoja nipange ninavyovijua.

Juu kabisa kibei kuna zile za vyuo vikubwa vya filamu. NYU Tisch, shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha New York, wana programu ya kiangazi ya watengeneza filamu wa sekondari, wiki nne hivi, na mtoto anatoka na kredit za chuo. Ukijumlisha masomo, bweni na chakula unapita dola 10,000. Ni chuo walichosoma waongozaji akina Martin Scorsese na Spike Lee, kwa hiyo jina lina uzito, na mafunzo ni ya kweli. Ila wazazi wetu wengi wanadhani wanalipia mlango wa kuingia NYU. Hapana. Kuhudhuria hakumpi mtoto nafasi ya chuo, atajaza fomu kama wengine. Akiomba na filamu aliyoitengeneza huko itamsaidia kwa sababu ni filamu, haitamsaidia kwa sababu ya risiti.

Katikati kuna Interlochen, kaskazini mwa Michigan, msituni kabisa, maziwa mawili pande zote. Kambi hiyo ilianza 1928 kama ya orkestra ya wanafunzi wa sekondari, filamu imekuja baadaye sana. Watoto wanavaa sare, jambo ambalo wazazi wa Kiafrika mtalipenda kuliko watoto wenu. Faida yake ni kwamba mtoto wa filamu anakula meza moja na wacheza dansi, waandishi na wapiga fidla. Akitaka mwigizaji, yupo. Akitaka mtu wa kumtungia muziki, yupo chumba cha pili. Si rahisi, lakini wanatoa misaada ya fedha kwa kuangalia kipato.

California kuna CSSSA, shule ya kiangazi ya sanaa iliyoanzishwa kwa sheria ya bunge la jimbo, madarasa yakaanza 1987. Kwa miaka mingi imekuwa ikifanyika CalArts, kile chuo kilichotokana na Walt Disney, huko Valencia. Jimbo linachangia gharama, kwa hiyo mkazi wa California analipa chini ya gharama halisi, na familia za kipato kidogo zinaweza kuombewa nafuu zaidi. Filamu ni idara yake, katuni ni idara nyingine, mtoto achague moja. Anayemaliza anapewa medali ya gavana. Medali hailiwi, najua, lakini kwenye fomu ya chuo inasomeka.

Na kuna za bure. Hapa ndipo nilipotaka tufike. Kentucky wana Governor's School for the Arts, tangu 1987. Wiki tatu, unalala chuoni, aliyechaguliwa halipi masomo wala malazi, na moja ya fani zake ni filamu na upigaji picha. Ni kwa wakazi wa Kentucky walioko darasa la 10 na la 11. Nani yuko Kentucky? Lexington na Louisville zimejaa Wakongomani wanaoongea Kiswahili dukani, kanisani na kwenye basi la shule. Nimekaa na wazazi pale kwenye misiba na harusi, na sijakutana na mmoja aliyewahi kuisikia.

---

Mama Bahati

Bonjour wandugu. Miye niko Lexington, mwaka ya sita sasa. Mtoto wangu eko na miaka 16, anapiga video za kwaya yetu, anaziweka kwa YouTube, watu ya Goma na Bukavu wanaziangalia. Papa, unasema hii masomo ni ya bure kabisa? Na sisi tulikuja kama wakimbizi, watamukubali? Anglais yake iko sawa, yangu ndiyo inakuwa mbaya.

---

Mzee wa Maiki

Mama Bahati, karibu sana. Wanachoangalia ni kama ni mkazi wa Kentucky na yuko darasa la 10 au la 11, kisha kazi zake. Maombi hufunguliwa vuli na kufungwa katikati ya baridi, kwa hiyo ukisubiri shule ikaribie kufunga umechelewa. Hilo ndilo linalowaangusha watu wetu: kiangazi tunakifikiria mwezi wa Mei wakati wenzetu walishajaza fomu kabla ya Krismasi kupita. Mwambie aende ofisi ya mshauri wa wanafunzi shuleni kwake, amtajie jina la programu. Mshauri anaijua.

Na hizo video za kwaya ni kazi, asizifiche. Ila asipeleke video nzima ya ibada ya saa mbili. Achague dakika mbili ambazo yeye ndiye aliyeamua kamera ikae wapi, na aweze kueleza kwa nini ilikaa pale. Kama alimfuata mama mmoja anayeimba huku analia, akaacha kwaya nzima pembeni, hiyo ndiyo ya kupeleka.

---

Mwalimu wa Drama

Niongeze sauti kutoka Kenya. Mimi nafunza shule ya upili na kila mwaka tunaingiza filamu kwenye mashindano ya kitaifa ya drama na filamu ya shule, yale ya mwezi wa nne. Nakubaliana na mleta uzi kuhusu kushika kazi za wenzako, lakini kwetu kuna tatizo lingine: walimu ndio wanaoongoza. Mwanafunzi anaigiza, mwalimu yuko nyuma ya kamera, na wakati mwingine kuna fundi wa kukodi kutoka mjini anayehariri usiku kucha. Tunashinda kikombe na mtoto hajui hata faili zilihifadhiwa wapi. Huko wasimamizi wanajizuia kweli?

---

Mzee wa Maiki

Mwalimu, umegusa penyewe. Wanajizuia kwa shida sana. Kuna msaidizi mmoja tuliyekuwa naye, kijana ametoka chuo juzi, alikuwa hawezi kuona taa imewekwa vibaya bila kuisogeza. Mkuu wetu akamnyang'anya glovu. Bila glovu hushiki taa, inaunguza. Akawa anazunguka seti mikono mfukoni, anauliza maswali tu: "Macho yake yanaonekana?" "Kivuli hicho unakitaka?"

Hilo nalo mzazi anaweza kulichunguza kabla ya kulipa. Omba uonyeshwe filamu za wanafunzi wa miaka iliyopita, tatu au nne, za watu tofauti. Zikiwa zote zinang'aa sawasawa, taa zile zile, rangi zile zile, muziki ule ule, basi hizo ni filamu za wafanyakazi wa kambi na watoto walikuwa wageni waalikwa. Ukiona moja ina sauti mbovu lakini wazo lake halitoki kichwani, nyingine nzuri machoni na haieleweki inasema nini, hapo watoto walifanya wenyewe.

Lingine la kuuliza ni idadi. Kundi la watu watano linafaa: mwongozaji, mpiga picha, sauti, msaidizi wa mwongozaji anayetunza muda, na wa tano anayetunza mwendelezo, yaani anayekumbuka glasi ya soda ilikuwa imejaa kiasi gani kabla hamjakata. Kundi likiwa la watu kumi, watano wanakaa kwenye simu.

---

Bint Mvita

Assalaam alaikum. Mimi swali langu ni la bweni. Binti yangu ana miaka 15, tuko Ohio. Kumpeleka akalale mwezi mzima na watu nisiowajua, baba yake hataki hata kusikia. Na sala je, na chakula?

---

Mzee wa Maiki

Waalaikum salaam dada. Baba yake ana haki ya kuuliza.

Programu ninazozijua huwa zinatenga wasichana na wavulana, kwa sakafu au kwa jengo. Kuna wasimamizi wanaolala humo humo, kuna saa ya kurudi na orodha ya kutia saini, na mtoto haendi mjini peke yake bila ruhusa ya maandishi ya mzazi. Hata hivyo usichukue maneno yangu, piga simu uulize: nani analala kwenye sakafu ya binti yangu, mmemfanyia uchunguzi wa rekodi za polisi, na akiugua saa nane usiku nani anampeleka hospitali? Anayejibu akisitasita kwenye hayo matatu, usimpeleke.

Sala na chakula nimeona vikipangwa bila shida pale mzazi alipoandika mapema kwenye fomu. Kazi za kupiga picha ndizo zinazobana, kwa sababu jua likiwa zuri la jioni kila mtu anataka lile lile jua na magharibi iko mlangoni. Binti mmoja Msomali alikuwa anamwandikia msaidizi wa mwongozaji nyakati zake za sala kwenye ratiba ya siku, kama vile chakula cha mchana. Zikaandikwa, zikaheshimiwa. Asingeandika zingemezwa.

Na kama mwezi mzima ni mwingi, zipo za wiki mbili. Zipo pia za kutwa, mtoto anarudi nyumbani jioni, nafuu zaidi. Nitasema tu kwamba nusu ya filamu huandikwa upya bwenini usiku, na wa kutwa wanakuta asubuhi skripti imebadilika.

---

Kaka wa Tabata

Sawa, umenipoza kidogo. Sasa sisi wa nyumbani je? Kijana wangu yuko kidato cha tatu, Dar. Anaweza kuja huko?

---

Mzee wa Maiki

Kwa uwazi, kaka: hela yako ya kamera itafanya kazi zaidi huko huko.

Kwanza zile za bure za majimbo ni za wakazi, mwanao hahesabiki. Zinazobaki ni za kulipa. Pili, kozi ya masomo ya saa nyingi yenye kredit za chuo kwa kawaida inataka hati ya I-20, ile ya chuo kuthibitisha kimempokea mwanafunzi, na viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi. Hapo kuna ada ya ombi la viza dola 185, ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350, na ukinyimwa viza hela ya ombi hairudi. Masharti ya viza za Marekani kwa nchi zetu yamekuwa yakikazwa, soma tovuti ya ubalozi mwenyewe kabla hujalipa hata amana ya kambi. Tatu, Julai shule za kwenu zimeshafungua muhula, atakosa masomo kuelekea kidato cha nne.

Ukitaka kumlea kwenye fani, mpeleke Zanzibar wakati wa ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu, pale Ngome Kongwe, akae kwenye mijadala na waongozaji, aulize maswali. Akimaliza kidato cha nne TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ipo. Na kabla ya hapo, tafuta vijana wengine wanne wa Tabata. Mwambie atengeneze filamu tano za dakika tatu, moja aongoze yeye, nne awe chini ya wenzake. Hiyo ndiyo kambi yenyewe, imekosa bweni tu.

---

Chumvi Kidogo

Na za mtaani zinakuwa na nzi wengi kwenye sauti kuliko friji 😂 Ila mkuu hujagusia muziki. Mdogo wangu aliweka Bongo Fleva kwenye filamu yake ya shule, ikakataliwa kwenye tamasha moja.

---

Mzee wa Maiki

Lazima ikataliwe. Wimbo una mwenyewe, tena wenyewe wawili: aliyetunga na anayemiliki rekodi. Tamasha likiuliza karatasi za ruhusa, mtoto hana. Sisi tunawakataza tangu siku ya kwanza, halafu siku ya uhariri bado unakuta mmoja kaukumbatia wimbo fulani, anaapa filamu itakufa bila huo. Tunamwambia auzime, aangalie filamu mara moja bila muziki wowote. Mara nyingi anagundua tukio lenyewe halina kitu, wimbo ndio ulikuwa unaigiza.

Na mzazi soma kwenye mkataba filamu ni ya nani. Zipo programu zinazobaki na haki ya kuionyesha kwenye matangazo yao, hilo ni la kawaida. Lakini mtoto lazima aondoke na faili lake kamili, si kiungo cha kuangalia tu.

---

Mama Bahati

Papa aksanti sana. Nimeongea na mtoto, ameshaanza kuchagua ile dakika mbili. Alichagua pahali mimi mwenyewe ninaimba vibaya, anasema ndiyo nzuri. Swali ya mwisho: barua ya mwalimu, hakuna mwalimu wa filamu kwa shule yake. Mwalimu wake wa anglais, ule wa wageni, anaweza kuandika?

---

Mzee wa Maiki

Angalieni kwanza fomu inataka barua ya nani. Kama haijabana, anaweza, na huenda akaandika vizuri kuliko mwalimu wa filamu asiyemjua. Lakini asiende kuomba barua mikono mitupu. Amwonyeshe mwalimu hizo dakika mbili, amweleze nani alishika nini siku ile, na kama aliwahi kufunza wadogo zake wa kwaya kushika kamera, alitaje hilo pia. Amwombe wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, walimu wanaandika barua nyingi kipindi hicho. Na Mama, kuhusu kipande unachoimba vibaya, usimwambie akitoe.

---

Bint Mvita

Nimempa baba yake asome uzi wote. Kasema atapiga simu mwenyewe Jumatatu, na ameandika yale maswali matatu kwenye karatasi. Mleta uzi, una za Ohio?

---

Mzee wa Maiki

Njoo inboksi dada, nikutumie za karibu na kwenu. Michigan nayo si mbali, akitaka sare.